Vikapu Kumi na Viwili



Majilio yamefika, na katika nyumba nyingi watoto wameanza kuhesabu siku. Nguo mpya zinashonwa, mchele unawekwa akiba, na vijana wa kwaya wanauliza mapambo ya kanisa yatatoka wapi mwaka huu. Jambo hilo la mapambo laonekana dogo. Walakini ndani yake limo swali ambalo Mkristo hana budi kulijibu: Je, furaha ya sikukuu yatuhalalishia kuharibu?

Wako wasemao, "Krismasi ni mara moja tu kwa mwaka. Tawi moja la mti na maputo machache yana ubaya gani?" Neno hili tusilidharau. Watu wetu hufanya kazi ngumu mwaka mzima, na Bwana wetu mwenyewe aliketi arusini kule Kana, akawapa divai walipopungukiwa. Hakutufundisha dini ya kununa.

Lakini tukumbuke pia habari ya mikate mitano na samaki wawili, katika Yohana sura ya 6. Watu wapatao elfu tano walikula wakashiba. Kisha Yesu akawaagiza wanafunzi wake wakusanye makombo ili kisipotee kitu, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Hebu tulifikiri jambo hili. Yeye aliyeweza kulisha makutano kwa chakula cha kijana mmoja, alikuwa na haja gani na makombo? Ikiwa yupo mtu aliyekuwa na sababu ya kusema, "Yaacheni, vipo vingi," ni yeye. Naye hakusema hivyo. Basi twajifunza kwamba wingi wa neema si ruhusa ya kutupa.

Sasa tutazame karamu zetu wenyewe. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba, chupa za plastiki, sahani za kutupa, maputo yaliyopasuka na makaratasi ya kung'aa yametapakaa uani. Nyingine huchomwa moto, na moshi wake mbaya huingia nyumbani kwa jirani. Nyingine husombwa na mvua hadi mtoni, na walioko bondeni ndio wanaochota maji hayo. Furaha ilikuwa yetu, na mzigo tumemtwika mtu ambaye hatukumwalika. Hapo ndipo penye kosa. Serikali zetu zimefanya sehemu yao, maana mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019. Lakini sheria haiwezi kuingia katika kila ua.

Na mti je? Desturi ya kupamba mti ilitoka Ujerumani, ikaenea sana Uingereza baada ya gazeti moja la London kuchapa, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakiuzunguka mti wao. Kule Desemba ni baridi, miti mingi imepukutika, na tawi bichi ni ishara ya uhai. Kwetu mwezi huo nchi ni ya kijani kwa mvua za vuli, na pwani mti ule watu wauitao mkrismasi huchanua maua mekundu bila kukatwa wala kununuliwa. Si dhambi kupogoa tawi la msaipresi uliopandwa. Lakini kuukata mche mchanga, ambao ungetoa kivuli miaka mingi, ili usimame sebuleni siku tatu, ni ubadhirifu. Naye mwenye mti wa plastiki asiutupe kwa kusoma maneno haya; autunze na kuutumia mpaka uchakae.

Basi tufanye nini? Kanisa tulipambe kwa makuti ya kusuka na maua ya bustani zetu. Pilau tuile kwenye sinia, kama wazee wetu walivyokula, na maji tuyanywe kwa vikombe vya kuosha. Chakula kitakachobaki kipelekwe kwa wagonjwa na wajane kabla hakijachacha. Watoto wapewe vikapu wakusanye takataka, na wazazi wainame pamoja nao. Kisha kila nyumba ipande mche mmoja maadamu ardhi ina unyevu.

Mwaka 1990 Waanglikana ulimwenguni waliongeza jambo la tano katika yale manne ya utume wa Kanisa yaliyotajwa mwaka 1984: kuutunza uumbaji. Hilo si kazi ya maaskofu katika mikutano peke yao. Huanzia uani kwetu.

Mtoto tunayemshangilia alilazwa horini, mahali pa kulishia wanyama. Kitanda chake cha kwanza kilikuwa kitu cha kuazima. Bwana atujalie Krismasi yenye furaha, na siku ya pili yake tuweze kumtazama jirani usoni bila haya. Amina.