Mjenzi wa Msimbati na Neno "Pangu"

Ni kipi kimpacho binadamu haki ya kusema, "Hapa ni pangu"? Ni kuzaliwa, ni kununua, ni kutaabika, au ni kujenga? Swali hili ni kongwe kama mwambao wenyewe, na huko Msimbati, kusini ya Mtwara, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, lilipata kuulizwa kwa namna ya ajabu.

Mwingereza Latham Leslie-Moore alifika pwani hiyo akiwa amekwisha kuonja vita na kifungo. Akajenga nyumba ufukweni, akaifanya maskani yake. Katika zama zile za Tanganyika kupata uhuru wake, tarehe 9 Desemba 1961, yeye naye aliitangaza Msimbati kuwa nchi mbali. Ndipo akasimuliwa kwa jina la Sultani wa Msimbati. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 serikali ilimwondoa, na usultani wake ukabaki hadithi.

Kumcheka ni rahisi, lakini kicheko hakijibu swali. Askari huenda alikotumwa na kusimama aliposimamishwa. Mfungwa hana amri hata juu ya mlango. Mtu aliyepitia yote mawili, apatapo kuweka jiwe juu ya jiwe kwa hiari yake na kutoboa dirisha upande aupendao, hajengi nyumba tu, bali anajirudishia nafsi yake. Kiu ya mahali pasipofikwa na amri ya mwingine si wazimu. Ni jeraha linalotafuta dawa. Lakini je, jeraha huzaa haki?

Hapana budi kutenganisha haki ya makazi na haki ya mamlaka. Jasho humpa mjenzi nyumba; halimpi watu. Na hata jasho lenyewe si la mtu mmoja. Ajuaye ujenzi wa mwambao anajua kwamba nyumba ya mawe inataka mchimba mawe, mkata boriti mikokoni, mchoma chokaa akeshaye na tanuru lake, mchota maji na fundi wa kuta. Kabla paa halijaezekwa, mwenye nyumba tayari anadaiwa na mikono mingi. Isitoshe, wavuvi na wakulima wa Msimbati walikuwapo kabla yake. Uhuru wa mmoja unaowageuza majirani kuwa raia wake pasi na kuulizwa ni kifungo kwa upande wa pili, na aliyewahi kufungwa ndiye aliyestahili kulitambua hilo kuliko wote.

Hata hivyo, hoja hii ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Dola nayo husema "petu" kwa niaba ya watu, na kwa hiyo nayo inadaiwa. Gesi iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi, hapo hapo Msimbati, mwaka 1982. Mpango wa kuipeleka Dar es Salaam kwa bomba ulipotangazwa, watu wa Mtwara walipinga, tangu maandamano ya Desemba 2012 hadi ghasia za Mei 2013 zilizogharimu maisha. Bomba likazinduliwa mwaka 2015. Wale waandamanaji hawakudai usultani, wala hawakuikana nchi yao. Walitaka waulizwe kabla cha kwao hakijachukuliwa.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kipimo hicho kinamtosha mjenzi wa ufukweni, na kinaitosha serikali. Atakaye kusema "pangu" na aulize kwanza ni nani amepona kwa kuja kwake, na kama waliomtangulia wangali na sauti mahali hapo. Asiyethubutu kuwauliza, hata akijenga kwa mawe, haki yake ingali haijapata msingi.