Anayekunywa Chini ya Mto Naye ni Mtu

Wajukuu zangu mliopata nafasi za chuo kikuu, hongereni. Vitunguu vya Lumuma vimewasomesha mpaka hapa, na huko mwendako wengi wenu mtasomeshwa na Bodi ya Mikopo. Mimi sina cha kuwafungia safarini ila maneno. Kama ni machungu, yamezeni hivyo hivyo.

Nawaonya msijidhanie mnaijali dunia kwa sababu mnaiona kwenye simu. Yuko kijana anayekesha akitazama vita vya Gaza na Sudan, akabandika bendera kwenye picha yake, akawalaani mabeberu, na kulipokucha akampiga kikumbo bibi kizee mlangoni pa daladala. Yuko na mwingine ambaye kwake ya Kongo ni ya Wakongo na ya Msumbiji yatajulikana na wenyewe. Yeye anasubiri bumu, fedha yake ya kujikimu chuoni, liingie basi. Mnaweza kuwaona hawa ni watu wawili tofauti, lakini ugonjwa wao ni mmoja. Hawajazoea kumhesabu mtu wasiyemwona kuwa naye ni mtu.

Mazoea hayo hayafundishwi muhula wa kwanza. Hapa kwetu yanaanzia mferejini. Mnaijua zamu ya maji ya usiku: tochi kiunoni, jembe begani, matope hadi magotini. Mwenye shamba la juu akitaka, anasogeza viroba viwili vya mchanga, anakwangua tope kidogo, maji yanaingia kwenye majaruba yake ilhali zamu ni ya mwingine. Hakuna anayemwona. Wa mkiani anaamka alfajiri na kukuta mfereji umekauka na vitunguu vimeanza kunyauka ncha. Anayejizuia saa ile, gizani, peke yake, huyo amekwisha kusoma sehemu kubwa ya somo la uwajibikaji kabla hajapewa namba ya usajili.

Na mkia wa maji yetu ni mrefu kuliko mfereji. Mto Lumuma unaingia Mkondoa, Mkondoa unaingia Wami, na Wami unamwaga maji yake Bahari ya Hindi upande wa Saadani. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, Mkondoa ulivunja kingo zake pale Kilosa. Maelfu ya watu walilala kwenye mahema, na reli ya kati ikang'olewa kati ya Kilosa na Gulwe. Kwa miezi kadhaa treni haikupita, na mizigo ya kwenda Kigoma, Burundi na Kongo ikakosa njia. Mvua ilikuwa ya Mungu. Lakini mchanga uliojaza mto ulishuka kutoka milimani, na milima hiyo imefyekwa na kulimwa kwa mikono ya watu. Aliyekata mti kwenye mteremko hakumjua mchuuzi wa Bujumbura, lakini alikwisha kumgusa.

Msitarajie chuo chenyewe kiwafanye waungwana. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, kwa kuwa sehemu kubwa ya mshahara wao ingekatwa wakati wa kulitumikia. Wakati ule wengi wa Watanzania walikuwa hawajui hata kusoma. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao vijana zaidi ya 300, kisha akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata akiwa na vitabu kwapani.

Lakini tazameni ajabu. Mlima ule ule wa chuo kikuu, mwaka mmoja tu baadaye, ukazaa umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, USARF, uliowakusanya Watanzania, Waganda, Wakenya na wengine, waliojitolea kuunga mkono ukombozi wa Msumbiji. Mwaka 1968 baadhi yao walivuka hadi maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO wakajionee. Ni nini kilichobadilika? Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa. Ofisi za wapigania uhuru zilikuwa mjini, na mkimbizi alikuwa jirani waliyekaa naye meza moja. Darasani alikuwepo mwalimu kama Walter Rodney, mtoto wa Guyana, aliyewauliza umaskini wa kwao ulitokea wapi. Basi vijana wale walifinyangwa na mambo matatu: historia ya kweli, wageni wa karibu, na kwenda kutazama kwa macho yao.

Hata hivyo, msiwafanye malaika. Kiongozi wa USARF alikuwa Yoweri Museveni, aliyeingia Ikulu ya Uganda mwaka 1986 na hajatoka. Kelele za ujana si ushahidi. Utu wa mtu hupimwa siku anapokuwa na uwezo wa kumnyima mwenzake.

Watakaokwenda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, watapata somo lingine bila ada. Pale Morogoro iko kampasi ya Mazimbu. Ilikuwa shamba la mkonge. Baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976, vijana wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao, na mwaka 1977 Tanzania ikakipa chama chao cha ukombozi, ANC, ardhi ile kijenge shule. Waliipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979, akiwa na miaka 22. Mwaka huo huo sisi tulikuwa vitani Uganda. Sabuni ilikuwa ya foleni na unga wa kubahatisha, lakini ardhi tuliyowapa hatukuidai. Mwaka 1992 ANC waliikabidhi serikali majengo yote, na leo watoto wa wakulima wanasomea humo. Msipite pale na vipokea sauti masikioni. Nendeni mkaone makaburi ya vijana waliokufa ugenini, mjue kwamba ukarimu wa watu maskini ndio uliotoa ardhi ya madarasa hayo.

Sasa shikeni haya. Kaeni bweni moja na mtu asiyesema lugha ya kwenu wala kusali kwenu. Anayetoka Burundi au Kongo muulizeni habari za kwao kabla ya kumweleza za kwenu. Mkipangiwa fildi kijijini, msitafute mjomba wa kuwahamishia mjini. Na likizo mkirudi, siku ya kusafisha mfereji ingieni matopeni pamoja na wengine. Shahada haina mguu wa kuchafuka.

Wengine mtahitimu mkawa wanunuzi wa mazao. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Mtoto wa mkulima anayekuja kumfungia baba yake mdogo lumbesa, gunia la kupita kipimo hicho, halafu jioni anaandika mtandaoni kuhusu biashara isiyo ya haki kati ya Ulaya na Afrika, huyo fadhila zake ni za punda.

La mwisho ni mkopo. Bodi itakata asilimia 15 ya mshahara wako, na wale wasio na ajira rasmi ndio wepesi wa kujificha. Usijifiche. Fedha ile haiendi kwa mtu unayemjua. Inakwenda kwa binti wa Kigoma au kijana wa Mtwara ambaye hamtaonana maishani. Ukiilipa bila kusukumwa, nitaamini kwamba ulisoma. Ukiikwepa, usituhutubie habari za haki duniani.