Kisichoonekana na Dhima ya Mtu

Wako watu wasemao kuwa mtu haulizwi ila kwa lile alionalo kwa macho yake. Kwa hoja hii humwaga uchafu kando ya kisima, au huchimba choo ubavuni mwake, kisha wakajiona hawana kosa maadamu maji yangali maangavu. Swali letu ni hili: je, udogo wa kitu wapunguza dhima ya mtendaji?

Kwanza na tukijue hicho kisichoonekana. Bakteria ni kiumbe hai cha seli moja, na wengi wao urefu wao ni sehemu chache tu za elfu za milimita. Wako wa mviringo, wako wa umbo la fimbo, na wako waliopinda au kujizungusha kama parafujo. Wengine hukaa wawiliwawili, wengine hushikamana mfano wa tasbihi, na wengine hukusanyika kama kishada cha zabibu. Kwa kawaida seli yao ina ukuta, na ndani ya ukuta utando mwembamba. Bali haina kiini kilichofungwa kama cha seli za miili yetu. Wengi hawatudhuru, na wamo matumboni mwetu watufaao. Ama yule wa kipindupindu, amepinda kama alama ya mkato, naye ana mkia mmoja wa kuogelea.

Filippo Pacini alimwona huko Florence mwaka 1854, na Robert Koch akambainisha mwaka 1884. Mwaka huo wa 1854, mjini London, tabibu John Snow aliwachungua waliokufa katika mtaa mmoja, akakuta wengi wao walikunywa maji ya bomba la Broad Street. Akawakinaisha wakubwa wa mtaa, na mpini wa bomba ukaondolewa. Snow hakumjua kijidudu wala umbo lake. Dalili zilimtosha kutenda.

Basi ikiwa dalili peke yake ilimlazimu yeye, sisi tulioletewa hata sura ya adui twasemaje? Dhima haifuati jicho, hufuata ilimu. Atiaye sumu chakulani gizani hasameheki kwa kuwa hakuiona rangi yake. Asiyefikiwa na ilimu ana udhuru. Aliyefikiwa, udhuru wake umekwisha.

Mwingine atasema: "Yote ni kudra." Ni kweli, lakini msemaji huyo hufunga mlango wake usiku kwa kuchelea mwizi. Iweje kudra imtoshe katika maji ya jirani, isimtoshe katika mali yake mwenyewe?

Kwa hiyo, enyi ndugu, vyoo na viwe mbali na visima, maji ya kunywa yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Na ajuaye amfunze asiyejua kwa upole, kwani kunyamaza kwake nako kutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.