Je, Ni Aibu Mwanamke Kuhesabu Fedha Yake?

Siku ya soko hapa Muleba, na vile vile katika soko la Bukoba, tumeona jambo dogo lililotufikirisha. Mama aliyeuza maharage au mikeka yake, atakapo kuhesabu fedha, hugeuka akaelekea ukutani, akahesabu upesi chini ya kanga. Ukimwuliza, "Mama, leo umepata ngapi?" hujibu, "Kidogo tu," ingawa kapu lake limekwisha kuwa tupu. Twajua kwamba wezi wako sokoni, na mwenye akili huficha mfuko wake. Lakini mama huyu hufanya vivyo hivyo nyumbani, mbele ya mume na watoto wake, wala hapana mwizi pale. Basi yatupasa kuuliza: anaona haya kwa sababu gani?

Si kila aibu ni mbaya. Mtu asiye na haya ni kama nyumba isiyo na mlango. Aibu humzuia mtu asiibe, asiseme uongo, asimdhulumu yatima. Aibu hiyo ni mlinzi mwema, maana iko kitu inachokilinda. Lakini iko nyingine isiyolinda kitu cho chote, bali humfunga mtu asiyajue mambo yake mwenyewe. Kuzitenga si kazi ngumu. Tuulize tu: nikiiacha aibu hii, nani atadhulumiwa? Mama akiijua hesabu ya maharage yake, nani atadhulumiwa? Hapana hata mmoja.

Aibu hii ina asili yake. Katika nchi ya Buhaya kahawa ndiyo iliyoleta fedha, na kahawa ilikuwa mali ya mwenye kibanja, yaani mwanamume. Mwanamke alilima maharage chini ya migomba, na njugu mawe kule rweya. Kazi yake ilionekana katika chakula, haikuonekana katika fedha. Tena katika miaka ya 1930 wako wanawake waliotoka Bukoba wakaenda Kampala na Nairobi, na wengine wao wakarudi na fedha, wakanunua vibanja. Ilisemwa kwamba fedha ile haikupatikana kwa njia safi. Maneno ya namna hiyo hayachagui. Humwangukia hata mama aliyeuza njugu tu. Na desturi za urithi zilipoandikwa katika tangazo la serikali la mwaka 1963, mwanamke aliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake, asiweze kuiuza, maadamu wako wanaume wa ukoo huo.

Hapa yafaa tumkumbuke Holaria Pastory. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Alipokuwa mzee, asiwe na mtu wa kumtunza, aliliuza mwezi wa Agosti mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Mtoto wa nduguye akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, nayo ikayatangua mauzo, ikamwamuru arudishe fedha. Hakunyamaza. Alikata rufani katika Mahakama ya Wilaya, akashinda. Shauri likafika Mahakama Kuu kule Mwanza, na mwezi wa Februari mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba desturi ile yapingana na haki zilizowekwa katika Katiba, na kwamba mwanamke aweza kuiuza ardhi aliyoirithi kwa masharti yale yale ya mwanamume. Bei ya shamba la mama mzee ilitajwa waziwazi mahakamani, naye hakupungukiwa na heshima yake.

Walakini hukumu ya mahakama haiwezi kuondoa haya iliyo moyoni. Asiyehesabu yumo mkononi mwa yule anayemhesabia. Akopaye kwa siri hulipa kwa siri, na riba huongezeka kwa siri, hata siku ile ambapo mambo hayafichiki tena na vyombo vya nyumba vinachukuliwa. Na mume akifa, mjane asiyejua hesabu hawezi kumjibu yule ajaye kusema, "Marehemu nilimkopesha."

Wengine watasema: mwanamke akizoea kuhesabu fedha, hatamheshimu mume wake tena. Neno hili si jepesi, maana tumeona nyumba zilizogombana kwa ajili ya fedha. Lakini tutazame vema: ugomvi ule ulianza fedha ilipohesabiwa, au ilipofichwa? Tena yatupasa kuungama, sisi wanaume, kwamba wake wengine walifundishwa kuficha na waume zao wenyewe; maana walipoionyesha fedha, ilichukuliwa ikaishia kwenye pombe. Amwambiaye mkewe, "Usinifiche," na aanze yeye kumwonyesha malipo ya kahawa.

Twamjua mwanamke wa mfano ulio katika Luka 15, aliyekuwa na vipande kumi vya fedha. Alijua kwamba kimoja kimepotea kwa sababu alijua kwamba vilikuwa kumi. Akawasha taa, akafagia, akatafuta. Alipokiona akawaita rafiki na jirani wafurahi pamoja naye. Hapana aliyemwambia, "Wewe wapenda fedha mno."

Jambo kama hilo twaliona leo katika vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zimo mikononi mwa watu watatu. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na kila mmoja husikia akiba yake na deni lake. Mwanzoni mama husema kwa sauti ndogo, macho yakitazama chini. Akizoea, huinua kichwa, na hesabu ikikosewa husema, "Hapana, hapo mmekosa." Hicho si kiburi. Kiburi hutaka watu wote wajue. Uaminifu hutaka wajue wale wanaohusika.

Basi tufanye nini? Mama na awe na daftari, aandike kilichoingia na kilichotoka; asiyejua kuandika na asomewe na mtoto wake, binti au mvulana. Mume na mke wakae pamoja jioni moja kila mwezi, daftari likiwa wazi mezani. Nasi tulio viongozi tujihoji: tunaposoma majina ya waliotoa na kiasi walichotoa, mjane aliyetoa kidogo huketi wapi? Tusije tukaihubiri imani juu ya mimbara, na chini yake tukawa tunaipanda aibu.

Mama yule wa sokoni hana kosa. Na ageuke kutoka ukutani, ahesabu fedha yake mwangani, kwa maana ni jasho lake.