Waliobaki Kijito cha Besori

Andiko: 1 Samweli 30:1–25



Sura hii mtu wa Oldonyiro hahitaji kufafanuliwa. Daudi na wanaume 600 wanarudi Siklagi, wanakuta mji umechomwa, wake na watoto wamechukuliwa. Wakalia mpaka nguvu zikawaishia. Uchungu ukageuka hasira, wakataka kumpiga Daudi kwa mawe. Hao ni wapiganaji, na Biblia haikuficha machozi yao. Kwa hivyo mtu asikwambie ati kulia ni kukosa imani.

Walipofika kijito cha Besori, 200 walishindwa kuvuka. Mwili ulikataa. Daudi hakuwaita waoga.

Watu wa Besori tunao hapa kanisani. Kuna aliyekimbia uvamizi, na kuna aliyemalizwa mifugo na ukame wa 2020 hadi 2023. Ibadani anaimba, lakini usiku halali. Pikipiki ikilia anashtuka. Mama anapiga watoto bila sababu, mzee haongei tena na mtu. Mimi nilisomea biashara, na hasara tunajua kuihesabu: mbuzi kadhaa, ngamia kadhaa. Usingizi uliopotea hauandikwi kwenye daftari.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 5 walioishi kwenye vita ana tatizo la afya ya akili. Na mzigo sio wa siku ile pekee. Kuna wa leo: jerikeni la maji, karo, kulala kwa watu, kutojua utarudi nyumbani lini. Kidonda hakiponi kikiguswa kila asubuhi.

Sasa tazama yule kijana Mmisri aliyeokotwa shambani, mgonjwa, ametupwa na bwana wake, siku tatu hajala. Walimpa mkate, maji, tini na zabibu, nguvu zikamrudia. Maswali yakaja baadaye. Sisi huanza na maswali: "Umetenda dhambi gani? Umefunga?" Wapendwa, aliyeshinda njaa wiki nzima usimwambie afunge!

Waliporudi, wengine walitaka wale 200 wanyimwe. Daudi akakataa: aliyebaki na vyombo atapata sawa na aliyekwenda. Ikawa sheria katika Israeli. Sihubiri kulipiza kisasi, vijana tumezika wa kutosha. Nahubiri fungu sawa.

Wiki hii:

1. Mtembelee mmoja ukiwa umebeba unga au maji. Msikilize kwanza, halafu muombe.

2. Akisema afadhali afe, usimwache peke yake. Tuite wachungaji, na apelekwe kituo cha afya. Dawa na maombi havigombani.

3. Na wewe uliyechoka, si lazima uvuke leo. Kaa nasi. Fungu lako lipo.

Mungu awabariki.