Dhima ya Mwenye Ilimu

Katika Chuo Kikuu cha Chicago, kando ya barabara ya Ellis, imesimama sanamu ya shaba nyeusi, kazi ya Mwingereza Henry Moore, iliyofunuliwa tarehe 2 Desemba 1967, miaka 25 kamili tangu Enrico Fermi na wenziwe, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo uliokuwapo hapo, walipouamsha kwa mara ya kwanza mpasuko wa atomu ujiendeshao wenyewe. Atazamaye juu huona fuvu la binadamu, na wingu la bomu la atomu, mfano wa lile la Hiroshima. Akiinamisha macho huona matao mfano wa kanisa kuu, wala msanii hakuficha kuwa aliyakusudia yote.

Sanamu hiyo yazusha swali: je, mwenye ilimu ana dhima ya yatakayotendwa na wengine kwa ilimu yake? Wako wasemao hana, kwani maarifa ni neema ya Mwenyezi Mungu na dhambi ni ya mtendaji. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Leo Szilard, aliyekuwamo katika kazi ile ya Fermi, aliandika Julai 1945, akaungwa mkono na wataalamu wenziwe kadha wa kadha, kumsihi rais wa Marekani asilitumie bomu la atomu kabla Japani haijaelezwa wazi masharti ya amani ikayakataa. Na mtu asiyejiona na dhima hana sababu ya kusihi.