Kichwa Chako, Daftari Letu

Mimi ni mhazini wa kijiwe cha bodaboda hapa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni kuandika: nani katoa mchango, nani kafiwa, nani kalazwa hospitali ya Bombo. Kwa hiyo mtu akiniambia helmeti ni hiari kwa kuwa kichwa ni chake, mawazo yangu hukimbilia kwenye daftari kwanza, ndipo nirudi kwenye hoja yake.

Hoja yenyewe si ya kijinga. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu wa asubuhi, alinieleza habari za Mwingereza John Stuart Mill aliyetoa kitabu juu ya uhuru mwaka 1859. Mill alishikilia kwamba mtu mzima halazimishwi kwa faida yake mwenyewe. Huzuiwa tu anapodhuru wengine. Ila alitoa mfano wa daraja bovu: ukimwona mtu anataka kulivuka na huna muda wa kumwonya, mshike umrudishe, maana hakukusudia kutumbukia mtoni. Mwalimu aliona mfano huo unanifaa. Nikamwambia, mwalimu, abiria wangu wanajua daraja ni bovu, na wanavuka tu.

Mimi nashikilia pale kwenye “wengine”. Mwenzetu alianguka usiku, kichwa wazi. Bombo wakampa rufaa ya Muhimbili. Mkewe akafunga genge, mdogo wake akaacha kibarua akauguze, na mwenye pikipiki akawa anadai hesabu yake. Kijiwe tukachanga, hata waliokuwa hawajauza siku hiyo wakakopa watoe. Hakuna aliyeulizwa kabla kama anaridhia. Kwetu mtu haugui peke yake, basi na asiseme kwamba anajihatarisha peke yake.

Kijana mmoja akanibana: “Mhazini, mbona hutukatazi sigara na chipsi? Nazo zinalaza watu.” Swali zuri, na sikulijibu siku ile ile. Ninachoona sasa ni kwamba uzito wa sharti nao hupimwa. Helmeti haikuambii uishi vingine. Unaivaa ukipanda, unaivua ukishuka. Pale inapogusa maisha yenyewe, mambo hubadilika. Uingereza iliwalazimisha waendesha pikipiki kuvaa helmeti mwaka 1973, na mwaka 1976 ikawaondolea sharti hilo Masingasinga wanaovaa kilemba. Naona walifanya haki: kile kilemba ni ahadi ya mtu na Mungu wake. Dada aliyesuka Jumamosi na anaogopa nywele zisivurugike hana ahadi ya namna hiyo, anisamehe.

Lakini anapokataa kwa sababu helmeti inanuka, simcheki. Zile tunazowapa abiria nyingi sponji yake imelowa jasho la watu wa tangu alfajiri, mkanda umekatika, nayo inacheza kichwani. Isiyofungwa mkanda huchomoka kabla kichwa hakijafika chini. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hayo si matunda ya helmeti inayoning'inia kwenye kiwiko cha dereva. Abiria aliyepewa takataka hajapewa hiari yoyote.

Wapo wanaosema siku ikifika imefika. Hao hao usiku hufunga pikipiki kwa mnyororo na kufuli. Kama kifo kimeandikwa, na wizi je? Imamu wetu huwakumbusha yule Bedui aliyeambiwa na Mtume amfunge ngamia kwanza, kisha amtegemee Mungu. Na mwili, anasema, ni amana, na Mungu aliyeiweka atauulizia.

Kwenye kikao wengine walipendekeza kwamba atakayeumia bila helmeti asichangiwe. Nilikataa, na wengi wakakataa nami. Nani atapita wodini, amwone mwenzake kafungwa bendeji kichwa kizima, ampite? Tutachanga tu, tukinung'unika. Ndiyo sababu naona tuna haki ya kumdai avae: hatuna uwezo wa kumtupa. Tungekuwa ni watu wa kumwacha alale pale na uhuru wake, ningenyamaza.

Kwa hiyo tumekubaliana: asiye na helmeti mbili nzima, zenye mikanda, haegeshi kijiweni kwetu, na sponji zinafuliwa kila Ijumaa asubuhi. Trafiki hahusiki hapo. Helmeti ya kumwogopa trafiki huvuliwa mkishampita. Nawe abiria, njoo na kitambaa chako cha kuvaa ndani ukiona kinyaa, hatutakasirika. Ukiikataa kabisa, bajaji zinaegeshwa ng'ambo ya barabara.